Chiriku wa Ghorofani: Mwenye Msiba Ni Nani?

"Hana mume!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji. Koridoni hospitalini, Besi kashika viatu vya Chiriku mkononi, daktari kauliza mume wa mgonjwa ni nani, na kabla Besi hajafungua kinywa, sauti ile ikamtua mgongoni kama rungu.

Kwa wewe unayetufikia leo: Chiriku ni mwimbaji wa bendi ya ghorofani, kule mtaa mkongwe wa mabaa. Jumapili alasiri, ukumbi umefurika hadi watu wamekaa madirishani, alianguka jukwaani katikati ya wimbo. Besi, mpiga gitaa la besi na mwanaume aliyeishi naye chumba kimoja miaka nenda miaka rudi, alimbeba, akashuka naye zile ngazi nyembamba, akakimbia naye mpaka barabara ya magari.

Sasa akageuka kuona nani kasema.

Alikuwa mwanaume wa makamo, tai imekazwa shingoni, viatu vinang'aa ungeweza kujinyolea ndevu ndani yake. Besi hakuwahi kukutana naye, lakini alimjua papo hapo. Pua ile ilikuwa ya Chiriku. Hata namna ya kuinua kidevu.

"Mimi ni kaka yake," mtu yule akamwambia daktari. "Tumbo moja. Mimi ni mwalimu mkuu wa sekondari. Huyu bwana simfahamu."

"Bwana," daktari akamgeukia Besi, "wewe ni nani wa mgonjwa?"

Besi akatafuta neno. Mume? Hawakufunga ndoa. Rafiki? Ni rafiki gani anayejua mtu analalia ubavu upi? Mpenzi? Hilo ni neno la nyimbo, mbele ya daktari lingechekesha.

"Ninaishi naye," akasema.

"Anapiga naye muziki baa," Mwalimu Mkuu akamsahihisha, utadhani ana kalamu nyekundu mkononi.

Daktari alikwishachoka na ugomvi wa koridoni. Akamshika Mwalimu bega. "Njoo ndani, mzee."

Mlango ukafungwa. Ulikuwa na kioo kidogo, na Besi, kwa urefu wake, aliweza kuchungulia. Aliona mgongo wa Mwalimu umenyooka kama rula. Aliona midomo ya daktari ikicheza. Kisha akaona ule mgongo ukikunjika taratibu, kama karatasi inayoshika moto.

Hivyo ndivyo Besi alivyopata habari. Hakuna aliyemwambia. Aliisoma kwenye mgongo wa mtu asiyemtaka.

Mwalimu alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini tai haikusogea.

"Mshipa wa kichwani," akasema huku akitazama ukuta. "Daktari anasema hakuteseka. Tunamzika Jumanne asubuhi, nyumbani kwetu. Nyinyi watu wa baa msije."

"Mwalimu, nakuomba..."

"Msije! Sitaki gitaa, sitaki ngoma, sitaki harufu ya pombe mbele ya mama yangu. Mlimchukua binti yake akiwa hai. Basi hata maiti yake mnaionea choyo?"

Besi akanyoosha mkono ampe vile viatu, viatu vyekundu vya kisigino, maana maiti ni yao na vitu vyake ni vyao.

Mwalimu akavitazama.

"Baki navyo," akasema. "Dada yangu hakuvaa vya namna hiyo."

Akaondoka, na viatu vyake vikimlilia sakafuni, kwi, kwi, kwi, mpaka mwisho wa korido.

* * *

Utauliza, msomaji, kama walipendana hivyo, kwa nini hawakuoana?

Besi alimposa Chiriku mara nyingi. Alimposa wakila, alimposa wakigombana, alimposa hata siku moja akiwa anabadilisha balbu, kasimama juu ya meza. Jibu likawa lile lile.

"Siolewi kama yatima na mama yangu yu hai. Siku atakayokubali kuja kukaa mstari wa mbele, siku hiyo hata kwa kanga moja utanichukua."

Na mama alikuwa amekwishasema neno lake zamani: mtoto anayeimba baa si mtoto wake. Basi wakakaa wakisubiri. Walisubiri mpaka kusubiri kukawa ndiyo ndoa yenyewe.

* * *

Jumatatu.

Mtaa ule ni wa kelele. Nyumba zake kongwe, za kuta nene, zimeinamiana juu ya njia kama walevi wawili wanaosindikizana nyumbani, kila mmoja akidhani ndiye anayemshikilia mwenzake. Chini mabaa, juu kumbi za muziki. Ikifika saa sita mchana utasikia mafagio, kreti za chupa, huyu anajaribu tarumbeta, yule anakaza ngozi ya ngoma. Watu wa pale husema kipofu hapotei mtaani kwao, kila mlango una sauti yake.

Jumatatu ile angepotea.

Hakuna redio. Hakuna tarumbeta. Hata yule mwenye baa ya ng'ambo, ambaye yeye na Mama Ghorofa, mwenye ukumbi wa akina Chiriku, hawakuwa wakipikika chungu kimoja, alizima spika zake. Akavuka njia na kreti ya soda, akaitua chini ya ngazi, akarudi kwake.

Juu ukumbini, viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Kipaza sauti kilikuwa sakafuni pale pale kilipoangukia, na mguu wake wa chuma umelala kando. Hakuna aliyethubutu kukiinua.

Mama Ghorofa, mwanamke aliyekuwa akitoa mlevi nje kwa kumwita jina tu, alikaa na funguo mapajani. Macho yamevimba. Mbele yake Kishindo, mpiga ngoma, alikuwa hakai wala hasimami.

"Twende kwa nguvu!" Kishindo akasema. "Tukifika getini atatufanya nini? Atatupigisha magoti?"

"Kishindo, mwanangu, msiba haulazimishwi," Mama Ghorofa akajibu. "Mwenye maiti ndiye mwenye msiba."

"Na Besi? Besi ni mpita njia?"

Wote wakamtazama Besi. Alikuwa kaketi ukingoni mwa jukwaa, anakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea. Anakaza, anasikiliza, analegeza. Tangu jana hakuwa amelia, na hilo ndilo lililomtisha Mama Ghorofa.

"Besi, sema kitu, baba."

"Niseme nini?" Besi akasema. "Nimeulizwa jana mimi ni nani wake. Nimeshindwa kujibu."

Papo hapo wakasikia nyayo ngazini. Polepole. Zinapanda, zinasimama. Zinapanda, zinasimama.

"Tumefunga!" Mama Ghorofa akapaza sauti. "Tuna msiba!"

Nyayo zikaendelea.

Mlangoni akatokea mwanamke mzee, nguo za kutokea, kiatu cha chini. Aliegemea mwimo akihema kama aliyepanda mlima. Mkoba kaukumbatia kifuani, vile watu wanavyoukumbatia mahali walipoambiwa pamejaa wezi.

"Ndipo hapa?" akauliza.

"Tumefunga, bibi," Mama Ghorofa akasema kwa upole. "Tuna msiba."

"Najua," yule mzee akasema. "Ni wangu."

Viti vikashushwa vitano kwa mkupuo mmoja. Kishindo akavua kofia. "Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja kama darasa.

"Marahaba, wanangu. Nipeni maji. Daktari kanikataza ngazi, na zenu hizi ni za adhabu." Akanywa, akapumua. "Mwalimu anadhani nimelala. Nimetokea mlango wa uani, kama mwali."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka.

Akawaangalia mmoja mmoja. "Besi ni yupi?"

Besi akasimama. Alikuwa mrefu hata taa ya darini ikamgusa nywele. "Ni mimi, mama."

Mzee akampandisha macho toka viatuni mpaka utosini. "Alisema mrefu. Hakusema mrefu hivi."

Besi akamsogelea. "Alisema? Alisema lini?"

Mzee akaweka bilauri mezani.

"Alinipigia simu juzi juzi. Miaka yote ile hatukusemeshana. Nilipoisikia sauti yake nikakaa chini. Akaniambia, mama, kuna mtu, anaitwa Besi, mrefu, hasemi sana, ana mikono mizuri. Nataka anioe. Lakini nataka na wewe uwepo. Utakuja?"

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye bomba la kaunta.

"Nikamwambia nitafikiria." Mzee akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. "Hakukasirika. Akasema, fikiria tu mama, sina haraka. Na mimi, mwanangu, nilikuwa bado nafikiria."

Besi alikaa chini. Wakati wote ule Chiriku hakumwambia kitu. Alitaka amletee jibu kamili, sio nusu. Na hapo, mbele ya watu, machozi yaliyokataa tangu hospitalini yakatoka yenyewe, bila kwikwi, kama bomba lile la kaunta.

Mzee alimwacha alie. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini alimtazama yule mtu mrefu akaona kwamba na huyu anaujua.

"Alikuwa anasimama wapi?" akauliza hatimaye.

Kishindo akaonyesha kwa kidole.

Mzee akapanda jukwaa, ngazi moja tu ile, kashikwa mkono na Mama Ghorofa. Akakikuta kipaza sauti sakafuni. Akainama, akakiokota, akakifuta kwa kiganja kama anayefuta uso wa mtoto. Akasimama pale, akautazama ukumbi mtupu.

"Panaonekana pakubwa," akasema.

"Pakijaa panakuwa padogo, mama," Mama Ghorofa akamwambia. "Jana palikuwa padogo sana."

"Sijawahi kumsikia mwanangu akiimba jukwaani. Alipokuwa mdogo aliimba jikoni, nikamwambia anyamaze, sufuria zinatosha kwa kelele." Akageuka. "Wimbo ule wa jana. Nataka kuusikia."

Kishindo akatoa simu mfukoni. "Ninao humu, mama, nilirekodi wiki iliyopita..."

"Huo utanipa, nitausikiliza peke yangu na mlango nimefunga. Sasa nataka mpige. Kama mlivyokuwa mkimpigia yeye."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka. Lakini nani atamkatalia mama mfiwa? Mpiga kinanda akafunua kinanda. Kishindo akakaa nyuma ya ngoma. Besi akaivaa besi yake begani, na siku ile ilikuwa nzito kama gunia la chumvi.

Wakaanza. Kinanda kikatangulia, ngoma ikafuata kwa miguu ya paka, besi ikaingia chini kabisa, ile besi ya Besi inayosikika tumboni kabla ya masikioni. Mzee akafumba macho. Muziki ukapanda, ukapanda, ukafika mlangoni pa wimbo, ukasimama.

Na pakawa kimya. Ngoma tu, tik, tik, tik, pole kama saa ya ukutani.

Mzee akafumbua macho. "Mbona mmenyamaza?"

Besi akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Hapo ndipo alipokuwa anaingia, mama."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akabaki kakodolea macho ile nafasi tupu ya hewa mbele yake, huku ngoma ikienda, tik, tik, tik, mpaka nafasi ya mwimbaji ikaisha na vyombo vikarudi.

"Rudieni," akasema.

Wakarudia. Na chini, msomaji, njia nzima ilikuwa imetoka nje. Wahudumu na aproni zao, wapiga tarumbeta, mafundi wa spika, yule jirani wa ng'ambo. Wamesimama wakiangalia juu dirishani, na kila nafasi ile ilipofika, wakawa wanainamisha vichwa.

Walipomaliza, mzee alishuka jukwaani akamkamata Besi mkono.

"Kesho utakuja."

"Mwalimu amekataza, mama."

"Huyo Mwalimu nimemzaa mimi, tena kwa taabu, alikuja matako mbele. Harusi yenu nimeikosa kwa kufikiria. Wewe mazishini usikose. Utakaa ubavuni kwangu."

* * *

Jumanne asubuhi wakafika. Besi mbele, kwenye koti la kuazima lililoishia juu ya vifundo vya mikono. Nyuma yake Mama Ghorofa, Kishindo na wenzao. Vyombo waliviacha. Walikuja mikono mitupu, na mwanamuziki asiye na chombo hajui mikono aiweke wapi.

Mwalimu Mkuu alikuwa getini. "Niliwaambia nini?"

"Mama katuita," Besi akasema.

"Mama hawajui nyinyi."

"Alikuja kwetu jana."

Mwalimu akatoa kicheko kikavu. "Alikuja wapi?"

"Ghorofani."

Kicheko kikakatika. "Mama yangu? Na moyo wake ule? Akapanda zile ngazi, na ile kona ya giza pale katikati?"

Kishindo, ambaye Mungu hakumpa breki ya mdomo, akaruka. "Umejuaje kama ina giza, Mwalimu?"

Mwalimu akafumba mdomo. Lakini neno likishatoka halirudi. Walimtazama, naye akatazama chini, kwenye vile viatu vyake vya kung'aa.

"Niliwahi kufika," akasema kwa sauti ndogo. "Mara kadhaa. Mpaka mlangoni. Nilikuwa nasimama gizani nje, akianza nasikiliza, akimaliza nashuka."

"Na hukuingia?" Mama Ghorofa akauliza. "Mlango ulikuwa wazi siku zote, mwanangu."

"Mimi ni mwalimu mkuu, mama. Ningeingiaje?"

Kutoka ndani ikaja sauti ya mzee, nyembamba lakini haina mchezo. "Wewe! Mbona wageni wangu wako getini?"

Mwalimu akasogea pembeni. Hatua moja tu, lakini alisogea.

Chini ya turubai, majirani wakanong'ona walipomwona yule mtu mrefu akipita katikati yao mpaka mbele, penye jeneza. Pembeni ya mzee palikuwa na kiti kitupu. Wazee wawili na shangazi mmoja walishajaribu kukikalia, wakafukuzwa. Besi akakaa. Mzee akauchukua mkono wake, akauweka mapajani kwake, akaufunika na wake. Minong'ono ikakoma.

Mwalimu akasimama na karatasi asome wasifu wa marehemu.

Akasoma lini alizaliwa. Akasoma shule aliyosoma. Akasoma kwamba alikuwa mtoto mtiifu na msafi. "Baadaye," akaendelea, "marehemu alihamia mjini, ambako alijishughulisha na... na shughuli zake."

"Shughuli gani?"

Alikuwa mzee. Hakuinua sauti, lakini mpaka aliyesimama getini alisikia.

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza swali, Mwalimu. Mwanangu alijishughulisha na nini?"

Mwalimu akatazama karatasi. Haikuwa imeandikwa. Mtu aliyezoea kuhutubia wanafunzi mia nane alikosa neno moja.

Mzee akamminya Besi vidole. "Basi waambie wewe."

Besi akasimama, mkono wake mmoja bado umo mkononi mwa mzee. Maisha yake yote jukwaani alisimama nyuma. Hakuwahi kugusa kipaza sauti hata kukisogeza. Akaangalia zile nyuso zisizomjua.

"Aliimba," akasema.

Watu wakadhani kamaliza.

"Watu walikuwa wanatoka kazini wamechoka, wengine wamefukuzwa, wengine wamefiwa. Wanapanda ngazi. Anawaimbia. Wakishuka, wana nafuu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nawaona. Kila siku nawaona." Akatazama jeneza. "Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake. Hakuna mtu aliyeshuka zile ngazi kama alivyopanda."

Huko nyuma mwanamke mmoja akaangua kilio. Mama Ghorofa akamfuata. Mwalimu Mkuu alivua miwani akabaki ameishika tu, bila kujua aiweke wapi, na tai yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imekwenda upande.

Ndipo Besi akasikia ule mkono uliomshika ukilegea.

Kwanza akadhani mzee anatafuta leso. Akatazama chini. Mkoba ulikuwa umeanguka. Kichwa cha mzee kilikuwa kimelalia bega lake mwenyewe, macho nusu wazi, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, na mwili mzima unateleza polepole kutoka kitini.

"Mama?"

Mwalimu akageuka. Akaona. Karatasi ikamtoka mkononi, akaruka viti, akamkanyaga shangazi mtu, akipiga kelele ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzisikia.

"Shemeji! Mshike, shemeji! Mshike kichwa, asianguke!"

Besi alikuwa amekwishamdaka. Alipiga magoti vumbini na mama mikononi, watu wakilia, wakisukumana, wakiita gari, wakiita maji. Hakuwasikia. Aliinamisha kichwa, akaweka sikio kifuani pa yule mzee, akafumba macho, na chini ya makelele yote yale akaanza kutafuta pigo.